Leso nyeusi, maziwa na vyuma vya mapafuni

SWALI: Daktari, nauza samaki wa kukaanga kando ya steji ya Kondele, Kisumu, mwaka wa sita sasa. Jioni nikipenga kamasi leso inakuwa nyeusi. Vijana wanaochomelea mageti jirani yangu husema ninywe maziwa yasafishe vyuma mapafuni. Ni kweli? Mjukuu wangu wa miaka miwili hushinda nami hapo.

JIBU: Hapana, mama. Maziwa hushuka tumboni, na njia ya mapafu ni nyingine kabisa. Hata tone moja likiponyoka kwenda huko unapaliwa. Yanywe kwa kuwa ni chakula, basi.

Ule weusi wa leso ni vumbi nene ambalo pua imelinasa. Hilo limeshindwa kuingia. Ninalolihofia ni lile usiloliona: chembe zisizozidi mikromita 2.5, na unywele mmoja una unene wa kama mikromita 70. Hizo hupenya hadi vijifuko vya mwisho vya hewa, ambako hakuna vile vinyweleo vya kusukuma makohozi juu. Seli za kinga huzimeza, lakini haziwezi kumaliza kila kitu. Chembe zinazoyeyuka huingia kwenye damu. Zisizoyeyuka hukaa miezi, hata miaka.

Vyuma vyenyewe viko hapo hapo ulipo. Kila matatu inapofunga breki, chuma na shaba hurushwa hewani. Tairi zinazosagika hutoa zinki, na moshi wa kuchomelea una chuma na manganizi. Petroli ya Kenya iliondolewa madini ya risasi mwaka 2006, ila risasi bado ipo kwenye betri kuukuu na rangi za zamani. Hiyo haikai sana mapafuni: hupita kwenye damu ikajificha mifupani kwa miongo.

Hamisha meza upande ule upepo unakotokea, mbali na hao vijana. Hata hatua chache hupunguza moshi. Na moto wako mwenyewe, kama ni wa kuni, nao unakuumiza. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi; ya N95 iliyobana uso huzizuia. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali upimwe, kifua kikuu pia.

Mjukuu ndiye ananikosesha amani. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima, na huigusa chini kisha akatia vidole mdomoni. Nawa naye mikono kabla hajala samaki wako, na ukipata wa kumwachia nyumbani, mwache.