H. pylori wameonekana, je ndiyo saratani?

Mkuu, umeuliza kama kukutwa na H. pylori, yule bakteria anayeishi tumboni, maana yake saratani ya tumbo iko njiani. Tulia kwanza. Karibu nusu ya watu duniani wanaye huyu mdudu na wengi hata hawajui. Wanaopata vidonda vya tumbo ni mmoja kati ya kumi hivi, na saratani ni wachache zaidi. Ila WHO walishamweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1994, kwa hiyo kumpuuza nako si ujanja.

Mimi yalinikuta. Nilipimwa damu, akaonekana, nikapewa dozi ya siku 14: omeprazo ya kupunguza asidi, na antibiotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini (hii ya mwisho inakuachia mdomo mchungu kama umelamba betri). Miezi miwili baadaye nikapima damu tena, eti bado yupo. Nikameza dozi nyingine. Hela imeliwa bure! Daktari mwingine ndiye aliyenieleza kwamba damu inaonyesha askari wa mwili, nao hubaki hata mdudu akishakufa. Kinachopimwa ni choo, angalau wiki nne baada ya dozi, na omeprazo uwe umeiacha wiki mbili. Nikapima choo, hayupo.

Nikajua tumemalizana. Akaniuliza, "Kwenu kuna aliyewahi kuumwa saratani ya tumbo?" Nikasema baba. Akaweka kalamu chini.

Ndipo ikaja kamera ya kuchungulia tumbo. Unalazwa ubavu wa kushoto, koo limepuliziwa ganzi, unameza mpira huku mate yanachuruzika shavuni. Walinyofoa vinyama sehemu ya chini ya tumbo na ya juu, kila sehemu kichupa chake. Majibu: chini utando umeanza kubadilika, unafanana na wa utumbo, juu kuko salama. Kungebadilika kote, hatari ya saratani ingekuwa kubwa zaidi. Kwa sababu ya baba, narudi kwenye kamera baada ya miaka mitatu.

Wewe una miaka 26, kiungulia tu, na kwenu hakuna historia. Maliza dozi, kapime choo. Hiyo diklofenaki unayomeza kutuliza maumivu ya mgongo mwambie daktari akubadilishie, maana ikikutana na huyu mdudu vidonda havichelewi. Ila ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama au suruali zikianza kukupwaya bila sababu, usisubiri majibu yetu humu, nenda hospitali siku hiyohiyo.