Mawe ya angani yanatufikiaje?

Umeuliza nini kinachoyasukuma mpaka yatufikie. Mengi hutoka kwenye ukanda wa asteroidi, yaani miamba inayolizunguka jua, kati ya Mirihi na Mshtarii. Huko hugongana na kumeguka. Kipande kikipashwa na jua, joto hutoka zaidi upande mmoja na kukisukuma kidogo mno, lakini kwa mamilioni ya miaka! Mwishowe huingia pale ambapo mvuto wa Mshtarii unakivuta kwa mpangilio uleule, mzunguko baada ya mzunguko, hadi njia yake inavutika na kukatiza ya Dunia.

Huingia angani kwetu kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Vidogo huungulia juu, ndiyo ile michirizi ya usiku.

Ukipata nafasi nenda Mbozi, mkoani Songwe, ukaguse kimondo chenyewe. Kina urefu wa mita 3 hivi, tani zaidi ya 10, na takriban asilimia 90 ni chuma; kinachobaki karibu chote ni nikeli. Tazama ile ncha yake: kuna pengo palipokatwa kwa msumeno kuchukua sampuli. Chuma cha namna hiyo hupatikana ndani ya asteroidi zilizowahi kuyeyuka.