Protini ya utando kuyeyuka majini ni hatua ya kwanza tu

Mkuu, umeuliza kama inatosha kubadilisha asidi amino zote zinazokimbia maji kwenye kipokezi chako cha utando wa seli, ili iyeyuke majini bila sabuni za maabara. Nilifanya hivyo hivyo kwa kipokezi cha heliksi saba (minyororo ya asidi amino iliyojisokota kama springi), na miezi mingi ikapotea.

Protini yangu iliyeyuka vizuri mno. Niliizungusha kwenye sentrifuji, hakuna mashapo. Kipimo cha mwanga kikaonyesha heliksi tele, nikafurahi. Nilipoikutanisha na ligandi yake, yaani molekuli inayopaswa kuishika, haikushika kitu. Heliksi zilikuwepo ila zilikuwa zimelegea, kila moja kivyake, kwa sababu nilizing'oa leusini na valini, asidi amino zinazokimbia maji, zilizobanana ndani kuzishikilia pamoja.

Heliksi ya aina hii ina upande unaotazama mafuta ya utando na upande unaotazama heliksi wenzake. Wa kwanza ubadilishe. Wa pili uguse kwa hofu. Kundi la mtafiti William DeGrado lilifuata njia hiyo mwaka 2004 kwa KcsA, mfereji wa potasiamu wa bakteria: walibadilisha asidi amino za nje, na protini ikabaki na vipande vyake vinne, ikaendelea kushika sumu ya nge.

Najua utatajiwa msimbo wa QTY (herufi za glutamini, threonini na tairosini) wa Shuguang Zhang wa MIT, uliotoka 2018. Leusini inakuwa glutamini, isoleusini na valini zinakuwa threonini, fenilalanini inakuwa tairosini, kwa kuwa maumbo yanakaribiana. Ni kazi nzuri sana, na vipokezi vya CCR5 na CXCR4 viliendelea kushika ligandi. Lakini unagusa heliksi ndani na nje, hivyo kwa kipokezi kingine usiamini mpaka upime.

Leo ningeanzia kwenye kompyuta: programu ya AlphaFold kukadiria umbo, ya ProteinMPNN kupendekeza mfuatano wa asidi amino, na asidi amino za mfuko ambamo ligandi hukaa nizifunge zisiguswe. Kundi la Correia la chuo cha EPFL, Uswisi, lilionyesha mwaka 2024 kwamba zana za namna hii zinafika hata kwenye umbo la heliksi saba.

Halafu tengeneza na toleo ambalo asidi amino moja muhimu ya mfukoni umeiharibu makusudi. Toleo langu la tatu "lilishika" ligandi, nikakaribia kutangaza. Lile lililoharibiwa nalo likashika vilevile: ligandi ilikuwa inanata tu juu ya protini.