Je, Taisei Yokusankai ilikuwa chama tawala cha Japani wakati wa vita?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nasoma historia, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kulinganisha kwa jedwali vyama pekee vya Ujerumani, Italia na Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa Japani nimeandika Taisei Yokusankai, yaani Jumuiya ya Kusaidia Utawala wa Kaizari, viongozi wake Konoe kisha Tojo, na kwamba ilishinda viti 381 kati ya 466 mwaka 1942. Mwenzangu anasema nimekosea, lakini video zote nilizotazama zinasema hivyo hivyo. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Mwenzako ndiye aliye sahihi. Hivyo viti 381 nakutana navyo kila muhula, katika jedwali lile lile la safu tatu, na kila mara naandika pembeni kwa wino mwekundu: Taisei Yokusankai haikusimamisha mgombea hata mmoja mwaka 1942. Isingeweza. Kisheria haikuwa chama cha siasa.

Bila shaka unajua kwamba vyama vya zamani vilivunjwa mwaka 1940, kwa hiyo sitakurudisha huko. Ninachotaka ukitazame ni namna vilivyovunjwa. Juni 1940 Konoe Fumimaro alijiuzulu uenyekiti wa Baraza la Washauri wa Kaizari ili aongoze vuguvugu la "mfumo mpya". Wanasiasa wakaona huko ndiko madaraka yanakoelekea. Usemi uliovuma Japani siku zile ulikuwa "usiachwe na basi", nao wakakimbilia mlangoni: Shakai Taishuto, chama cha kisoshalisti, kilijivunja tarehe 6 Julai, makundi ya Seiyukai yakafuata mwezi huo huo, na Minseito, chama kikubwa kingine, ikafunga dimba tarehe 15 Agosti. Walivunja nyumba zao kabla ya kuona hata ramani ya nyumba mpya.

Jumuiya ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1940, Konoe akiwa tena waziri mkuu. Watu walikuja kusikia itikadi na ilani. Akawaambia kwamba hakuna ilani nyingine zaidi ya kutekeleza wajibu wa raia katika kumsaidia Kaizari. Basi. Tangu lini chama kinachotawala dola kikazaliwa bila ilani? Ndani mlikuwa na makundi yasiyopikika chungu kimoja. Wasomi wa Showa Kenkyukai, kikundi cha washauri wa Konoe, walitaka chombo cha umma chenye nguvu ya kulidhibiti jeshi. Wanajeshi walitaka chombo cha kuwakokota raia nyuma ya jeshi. Wabunge wa zamani walitaka kulinda viti vyao. Na wazalendo wa mrengo wa kulia walipiga kelele kwamba chama chochote kinachojiweka kati ya Kaizari na raia wake ni bakufu mpya, yaani kurudisha enzi za shogun, majenerali waliotawala huku Kaizari akiwa kando. Chini ya Katiba ya 1889, iliyompa Kaizari mamlaka yote, hilo lilikuwa shtaka zito, na Konoe hakuwa na moyo wa kulikabili.

Mapema mwaka 1941 shtaka hilo likafika Bungeni. Wabunge waliishambulia bajeti ya jumuiya na kuuliza uhalali wake. Waziri wa Mambo ya Ndani, Hiranuma Kiichiro, akajibu kwamba hiki ni chombo cha umma, si chama cha siasa, kwa hiyo hakiruhusiwi kufanya siasa. Katibu mkuu wa jumuiya, Arima Yoriyasu, akaondoka. Aprili 1941 magavana wa mikoa wakafanywa wakuu wa matawi ya mikoa.

Hapo usimame, usome tena. Sisi Tanzania tunaujua msemo wa "chama kushika hatamu": chama kinatoa mwelekeo, serikali inatekeleza. Japani ilikuwa kinyume. Jumuiya ndiyo iliyotiwa hatamu, na mshikaji alikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani.

Sasa uchaguzi wa tarehe 30 Aprili 1942. Kwa kuwa Yokusankai ilikatazwa siasa, serikali ya Jenerali Tojo, waziri mkuu tangu Oktoba 1941, ilihitaji chombo kingine. Likaundwa baraza la kupendekeza wagombea chini ya Jenerali mstaafu Abe Nobuyuki, nalo likatoa majina 466, idadi ile ile ya viti. Waliopendekezwa walipewa yeni 5,000 kila mmoja kutoka fungu la siri la jeshi, na polisi wakawabana wale wengine. Waliopendekezwa ndio walioshinda hivyo viti 381; hata hivyo watu 85 wasiopendekezwa walishinda, na wagombea wa aina yao walipata kama theluthi moja ya kura zote. Mmoja wao ni Saito Takao wa mkoa wa Hyogo, aliyefukuzwa Bungeni Machi 1940 kwa hotuba ya kuhoji vita vya China. Wapigakura wake walimrudisha.

Usikimbilie basi kuandika kwamba waliopendekezwa walitaka vita na wengine walitaka amani. Nakano Seigo, mzalendo mkali aliyemhusudu Hitler, naye alishinda nje ya orodha. Kama jedwali lako lazima liwe na jina la chombo cha wabunge, andika Yokusan Seijikai, iliyoundwa tarehe 20 Mei 1942, baada ya uchaguzi, na kuwakusanya karibu wabunge wote.

Kuhusu "viongozi wake Konoe kisha Tojo": urais wa jumuiya ulifuata kiti cha waziri mkuu. Tojo hakupanda kwa ngazi ya jumuiya, wala haikumshusha. Alianguka Julai 1944 baada ya kisiwa cha Saipan kutekwa na Wamarekani, kwa shinikizo la wazee wa dola waliokuwa mawaziri wakuu kabla yake. Italia, Julai 1943, Baraza Kuu la Ufashisti lilikaa na kupiga kura dhidi ya Mussolini. Kikao cha namna hiyo cha Yokusankai hutakipata.

Nisisikike nikisema jumuiya hii haikuwa na makali. Makali yake yalikuwa mtaani. Chini kabisa palikuwa na tonarigumi, makundi ya kaya kama kumi yaliyoratibiwa kwa agizo la Wizara ya Mambo ya Ndani la Septemba 1940. Kwa msomaji wa kwetu, mfikirie balozi wa nyumba kumi. Agosti 1942 yaliwekwa chini ya uongozi wa Yokusankai. Mgawo wa chakula, mazoezi ya kujikinga na mabomu, ununuzi wa hati za dhamana za vita, vyote vilipitia humo, na ubao wa matangazo ulipita mlango hadi mlango ukigongwa mhuri na kila kaya. Mama wa Osaka aliyegombana na kiongozi wa kundi lake alikuwa anahatarisha mgawo wa wanawe. Huo ndio utawala uliopaswa kuingia kwenye kazi yako, na katika jedwali lako haumo.

Na hizo video. Wanaozitengeneza, pamoja na wale wanaowaandikia wanafunzi kazi kwa malipo, wana kiolezo kimoja cha Ujerumani: chama, kiongozi, itikadi, asilimia ya viti. Wanakibandika Japani, kesho watakibandika Hispania au Hungaria, na panapokosekana kitu cha kujaza wanabuni. Nimesoma kazi inayotaja "sare rasmi za chama" na "itikadi ya Konoe", mtu ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kukataa kutaja itikadi. Ukiwaandika wote 466 kuwa watu wa chama kimoja, unafuta habari ambayo hata majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani baada ya vita yaliitegemea: kwa amri ya tarehe 4 Januari 1946, waliopendekezwa mwaka 1942 walizuiwa kushika nyadhifa za umma. Chukua mkoa wa Yamaguchi tu. Kishi Nobusuke alishinda akiwa amependekezwa. Abe Kan alishinda bila kupendekezwa. Wote wawili ni babu za Abe Shinzo, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Kiolezo kinawaandika mstari mmoja.

Nakuomba pia utafute habari za jimbo la pili la uchaguzi la mkoa wa Kagoshima. Wagombea walioshindwa walishtaki kwamba maofisa wa serikali waliuvuruga uchaguzi, na jaji Yoshida Hisashi akasafiri hadi huko kusikiliza mashahidi. Tarehe 1 Machi 1945, Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa jimbo hilo. Siku tisa baadaye, usiku, yakaja mabomu yaliyoiteketeza Tokyo, na tarehe 20 Machi wapigakura wa Kagoshima walipanga foleni upya.