Maswali na majibu: Kupima uchovu wa misuli kwa wabeba mizigo

Vibarua wangu wanapakua saruji, mifuko ya kilo 50. Nitajuaje misuli imechoka kabla mtu hajaumia? Mashine sina.

Tumia kipimo cha Borg, ambapo mfanyakazi mwenyewe hutaja namba ya uzito anaousikia: 0 hasikii kitu, 3 wastani, 5 nzito, 7 nzito sana, 10 ndiyo mwisho. Uliza kila dakika 20, tena kwa kiungo: bega ngapi, kiuno ngapi, viganja ngapi. Tazama namba inavyopanda. Aliyetoka 2 hadi 5 ndani ya saa moja apumzishwe. Ila asiulize anayelipa. Mtu wa kulipwa kwa mfuko akiulizwa na bosi, bega lake siku zote ni 2.

Halafu, fomula ya kunyanyua ya NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani (1991), huanzia kilo 23, mzigo ukiwa karibu na mwili na bila kujipinda. Mfuko wako umeshazidi mara mbili kabla hujapima chochote. Tafuta toroli.

Dainamomita ya kiganja (kifaa cha kuminya kinachopima nguvu ya mkono) inanipa namba tofauti kila nikipima.

Kosa huwa ni mkao. Aketi, kiwiko kikunjwe nyuzi 90 kando ya ubavu. Aminye sekunde 3 hadi 5, mara tatu, akipumzika dakika moja katikati. Mpini ubaki kwenye nafasi ileile, jasho lifutwe. Tuseme asubuhi ni kilo 48, baada ya kazi 41: (48 − 41) ÷ 48, ameshuka karibu asilimia 15. Mpime mara tu anapotua mzigo. Misuli hurudi haraka. Mkipiga soga kwanza, utaandika kwamba hakuchoka.

Naweza kutabiri mtu atashikilia kitu muda gani?

Kwa kushikilia bila kusogea, ndiyo. Grafu ya mtafiti Rohmert ya 1960 inakadiria dakika moja hivi kwa nusu ya nguvu zake zote. Kwa kubeba na kutua haifai, kwani misuli ikilegea damu hupita na hesabu hubadilika.

Na EMG, kipimo cha umeme wa misuli?

Uchovu huonekana masafa ya umeme wa misuli (idadi ya mawimbi kwa sekunde) yakishuka huku kimo cha mawimbi kikipanda. Nyoa, futa kwa spiriti, elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme huo) ziachane milimita 20 kati kwa kati. Usipime akiwa anabeba, maana msuli huteleza chini ya elektrodi. Mpe kilo 5 ashike sekunde 10, kiwiko nyuzi 90, kabla ya kazi na kila mapumziko. Kipimo cha kwanza kichukuliwe mwili ukiwa umeshapata moto: joto hupandisha masafa na kuficha uchovu.