Plombaji ngumu zaidi haitakuokoa na asidi ya tumbo

Swali: Dokta, nina miaka 34, naishi Kadutu, Bukavu. Plombaji (kijazio) ya meno yangu mawili ya mbele juu imetoka mara tatu ndani ya miaka miwili. Nina kiungulia cha siku nyingi, na usiku maji machachu hunipanda mpaka kinywani. Jirani anasema niombe simenti ngumu zaidi. Ipo?

Jibu: Mama, ipo, na ukiwekewa leo itang'oka vilevile. Kila anayekuja na shida hii huilaumu dawa iliyojaza jino, kumbe kinacholiwa ni jino lenyewe.

Tazama nyumba za mteremkoni huko kwenu. Mvua haili matofali, inakula udongo chini ya msingi mpaka ukuta unaning'inia. Asidi ya tumbo ina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) ya 1 hadi 2. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na dentini, lile tabaka la manjano la ndani, huanza mapema zaidi. Kompoziti, ile plombaji ya rangi ya jino, hulainika kidogo juu na kupoteza mng'ao, basi. Lakini pale iliposhikana na jino panafunguka, mate yanaingia, kisha inatoka. Kwenye magego yenye amalgamu ya zamani, plombaji ya madini ya rangi ya fedha, utaona wazi: jino limeshuka pembeni, amalgamu imebaki juu kama kisiwa cha Idjwi ziwani, na mwenyewe anadhani plombaji "imeota". Hata taji la zirkoni, kofia ngumu ya kufunika jino ambayo asidi hii haiiwezi, lina ukingo unaokutana na jino.

Simenti ya ionomeri ya kioo, ile ya unga na maji yake, ndiyo inayoliwa kweli. Ina kazi yake nzuri kwa watoto, ila nyuma ya meno ya mbele ya mtu anayecheua kila usiku haidumu.

Chukua kioo, utazame upande wa ndani wa meno hayo, unaoguswa na ulimi. Ukikuta pamekuwa pa kuteleza, manjano yanaonekana katikati na kamstari keupe kamebaki karibu na fizi, tumbo ndilo lenye kesi. Kwa hiyo anza na daktari wa tumbo. Akikupa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya chakula, kwa wiki kadhaa. Usiiache siku ya tatu kwa sababu moto umepungua. Kula masaa matatu kabla ya kulala, na inua kichwa cha kitanda kama sentimeta 15 kwa matofali chini ya miguu yake, maana mito hukunja tumbo tu. Na kama unameza diklofenaki, kidonge cha maumivu, kwa ajili ya jino, huchoma tumbo hilohilo.

Maji machachu yakipanda, usikimbilie mswaki! Enameli imelainika, utaikwangua. Sukutua kwa glasi ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha bikaboneti (soda ya kuokea), tema, ngoja saa moja. Bikaboneti hiyo ni ya kusukutua. Wanaoisugulia meno pamoja na ndimu na makaa ili yang'ae wanajifanyia wenyewe kile ambacho tumbo linakufanyia wewe.

Tumbo likitulia, kompoziti inawekwa upya: jino lisiguswe na mate, tabaka zisizidi milimita 2, kila moja imulikwe taa kwa sekunde zake. Sisi wenyewe tunapaka asidi ya fosforiki ili gundi ishike, ila kwenye dentini ni sekunde 15 tu, kisha inaoshwa. Ya usiku nani anaiosha?

Wanaonikera kuliko wote ni wanaojaza meno sokoni kwa akriliki ya kutengenezea meno ya bandia na kuiita "plombaji isiyotoka". Akriliki hiyo hupata joto ikigandama, hujikunja, na haishiki jino hata kidogo. Asidi na chakula vinapita chini yake, jino linaoza kimyakimya miezi mingi, na likianza kuuma mara nyingi mshipa umeshakufa. Fundi akikutolea unga mweupe na kichupa chenye harufu ya kucha za kubandika, inuka kwenye kiti. Ukiwa tayari umewekewa, nenda ikatolewe sasa, hata kama hakuna maumivu.