Maswali ya Wasomaji: Mashujaa wa Majarida ya Senti Kumi Katika Michezo ya Mezani

SWALI: Mhariri, salaam. Sisi ni vijana watano tunaokutana mwishoni mwa wiki kucheza mchezo wa kuigiza wahusika, mmoja akiwa msimulizi na wanne kila mmoja akiwa na mhusika wake na dadu zake. Niliandaa kisa cha kufuata mashujaa wa majarida ya Marekani ya miaka ya 1930, lakini mchezaji aliyepewa shujaa alifanya kila kitu peke yake, na wengine wakageuka watazamaji. Tufanyeje? – Msomaji, Arusha.

JIBU: Ndugu msomaji, usimlaumu mchezaji wako, kwa maana alicheza kama hadithi hizo zinavyotaka. Majarida yale yalichapishwa kwa karatasi duni, mengi yakauzwa kwa senti 10, na mengine yalibeba jina la shujaa kwenye jalada ili mnunuzi alitafute tena toleo lifuatalo. Shujaa wa namna hiyo hakuweza kushindwa, wala hakuhitaji sana msaada wa mtu. Doc Savage, aliyeanza kutoka mwezi Machi 1933 na ambaye visa vyake vingi viliandikwa na Lester Dent, ni daktari, mvumbuzi, mwanasayansi na mpiganaji kwa wakati mmoja. Ukimweka mtu huyo mezani, wenzake hawana kazi iliyobaki.

Lakini Dent alimzungushia wasaidizi watano, na ushauri wangu ni kwamba hao ndio muwachukue. Monk ni mkemia, Ham ni mwanasheria anayetembea na bakora yenye upanga ndani, Renny ni mhandisi mwenye ngumi za kuvunjia milango, Long Tom ni fundi wa umeme, na Johnny ni mtaalamu wa mambo ya kale na miamba. Kila mmoja ana jambo ambalo wenzake hawaliwezi, na Monk na Ham hugombana tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali kila mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Ugomvi wa aina hiyo huwapa wachezaji la kusema hata pale ambapo hakuna risasi inayolia. Basi mtoeni Doc: ametekwa, au ametoweka akiacha barua isiyokamilika, na wanne kati ya hao watano wanapaswa kumtafuta.

Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, inatoka kwa The Shadow, shujaa aliyepata jarida lake mwaka 1931 kupitia kalamu ya Walter Gibson, mtu aliyeyajua vizuri mazingaombwe na aliyeandika vitabu kuyahusu. Kisa cha kwanza kinaanza na kijana Harry Vincent akiwa darajani usiku, amekata tamaa na yuko tayari kujirusha. Mtu asiyeonekana uso anamzuia, kisha anamwambia kwamba tangu sasa maisha yake ni ya yule aliyemwokoa. Baadaye tunakutana na watumishi wengine wa bwana huyo, miongoni mwao mwandishi wa gazeti, dereva wa teksi, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupokea na kupeleka ujumbe. Hebu waambie wachezaji wako kila mmoja aeleze ni janga gani aliokolewa nalo, na ni deni gani analobeba kwa mwokozi asiyemjua. Kabla ya dadu kurushwa, tayari mna kikundi chenye sababu ya kuwa pamoja. Huyo bwana abaki mikononi mwa msimulizi, naye alete habari na amri tu. Siku atakapotokea dirishani kuwaokoa wote, wachezaji watajifunza kumsubiri, na mchezo utakuwa umekwisha.

Kuhusu mpangilio, Dent aliacha kanuni yake ya kuandika hadithi ya maneno 6,000: igawe katika sehemu nne za maneno 1,500, mtie shujaa matatani tangu mstari wa kwanza, ongeza taabu katika kila sehemu, na sehemu za mwanzo zifunge kwa jambo la kushtua. Kabla ya kuandika alijiuliza mhalifu anaua kwa njia gani isiyo ya kawaida, anatafuta kitu gani, mahali ni wapi, na tishio gani limetanda juu ya shujaa. Maswali hayo manne yanamtosha msimulizi kuandaa kikao kizima. Tahadhari yangu ni moja: Dent aliujua mwisho wake, wewe huujui. Andaa nia ya mhalifu na hatua atakazochukua asipozuiwa, kisha uwaachie wachezaji wavuruge.

SWALI: Mhariri, napenda visa hivi, lakini Afrika iliyomo ni msitu na washenzi. Je, tuviache kabisa? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Dada, malalamiko yako ni ya haki. Edgar Rice Burroughs, aliyemwanzisha Tarzan mwaka 1912, hakuwahi kukanyaga bara hili, na inaonekana. Hata michezo iliyorithi visa hivyo hutuleta huku mara kwa mara: kampeni (mfululizo wa visa vinavyoungana) ya Masks of Nyarlathotep, iliyotolewa na kampuni ya michezo ya Chaosium mwaka 1984, huwafikisha wachezaji Kenya ya miaka ya 1920 kufuatilia msafara wa Wamarekani unaosemekana kuangamizwa huko.

Nisingeviacha. Ningebadilisha anayekaa katikati. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na hatari za kweli zinazoshinda zimwi lolote la kubuni. Mhusika Mwafrika anayebeba ujumbe wa siri anaweza kusimamishwa njiani na kudaiwa kipande, hati ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waafrika kuibeba, na mwezi Machi 1922 umati uliokusanyika kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, aachiliwe ulipigwa risasi. Kikundi chenye karani wa reli, nahodha wa jahazi kutoka Lamu, mwuguzi na mpiga chapa kinaweza kubeba kisa cha mbio na hila bila mgeni wa kuwaongoza. Kasi ya majarida ibaki. Dharau yake itupwe.

SWALI: Je, Bwana Msa anaweza kuingia mezani? – Msomaji, Unguja.

JIBU: Anaweza, ila kwa uangalifu kuliko Willy Gamba. Mpelelezi huyu wa Elvis Musiba, ambaye kazi humfikisha hadi Kinshasa, anaishi kwa vitendo, na dadu zinapenda vitendo. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hufikiri, akivuta kiko chake huku rafiki yake Najum akishangaa, na dadu moja mbaya inaweza kumnyima dalili ambayo kisa kizima kinaitegemea. Wachezaji wa GUMSHOE, mfumo wa kanuni za michezo ya upelelezi ulioundwa na Robin D. Laws, hawarushi dadu kupata dalili ya lazima: anayetafuta mahali panapofaa kwa ujuzi unaofaa huipata. Fuateni hivyo. Dadu mziweke kwa ajili ya yale yatakayotokea baada ya dalili kujulikana, pale mwenye hatia atakapogundua kwamba watu wa mtaani wameanza kuuliza maswali.